Viatu vya Mume Asiyekuwepo

Mama yangu alipata mkwe wa kiume kwa hisani ya lugha ya Kiswahili. Mimi sikumdanganya, angalau si mwanzoni. Nilimpigia simu Kigoma kutoka Durban, nikamwambia nimempata mtu. Nikasema mtu huyo anafanya kazi kwenye maghala ya Clairwood karibu na bandari, anaendesha folklifti ya kuinulia mizigo, hanywi pombe, anajua kupika, na kwao ni Cato Manor. Kila neno lilikuwa la kweli. Kiswahili hakimlazimishi mtu kusema kama huyo "yeye" ni wa kiume au wa kike, nami sikujitolea kukisaidia. Mama akasikia folklifti, akaona misuli na ndevu.

"Mwanaume wa kazi," akasema. "Mungu mkubwa."

Nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikonizalia mume ambaye baadaye ilinibidi nimtafutie viatu.

Nilifika Durban mwaka 2008 kwa kibali cha masomo, kusomea uendeshaji wa hoteli katika chuo kidogo chenye jina refu kuliko ngazi zake. Sheria ilimruhusu mwanafunzi kufanya kazi saa chache kwa wiki, na saa zangu nilizimalizia nikisuka nywele katika saluni moja ya Barabara ya Umbilo. Mwenye saluni alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mwimba kwaya, mwenye sauti inayoweza kusimamisha magari hata robot, kama waitavyo huko taa za barabarani, ikiwa ya kijani. Aliamini mambo mawili: kwamba mafuta ya mawese yanatibu kila ugonjwa, na kwamba msichana wa umri wangu asiye na bwana ni kazi ambayo Mungu amempa yeye aimalize. Alinitafutia shemasi mjane wa kanisani kwao. Shemasi alikuja saluni Jumamosi tatu mfululizo kunyolewa, ingawa hakuwa na nywele.

Mwenzangu aliingia saluni mwaka ule wa Kombe la Dunia, amebeba kofia yake ngumu ya kazini kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa sahani asiyoiagiza. Kofia ilikuwa imemla nywele za pembeni. Alitaka mtindo utakaokaa chini yake bila kuuma. Nilimsuka mistari midogo ya kulala, nikatumia saa tatu kwa kazi ya saa moja na nusu. Baada ya wiki mbili alirudi kulalamika.

"Umenisuka vizuri mno," akasema kwa Kiingereza. "Hakuna hata mstari mmoja ulioachia. Sasa mimi nirudi hapa kwa sababu gani?"

Nikamwambia arudi bila sababu. Akarudi. Mwaka uliofuata tulikuwa tunaishi pamoja katika fleti ya ghorofa ya pili hapo hapo Umbilo, yenye chumba kimoja, sebule, na dirisha moja tuliloligombania tangu siku ya kwanza: yeye analitaka wazi, mimi nalitaka limefungwa.

Kwa kuwa alikuja kunichukua kazini kila siku, akajifunza Kiswahili pale pale saluni, kwa hiyo akajifunza cha Bukavu. Alisema "iko" kwa kila kitu. Iko njaa, iko mvua, iko mimi nakupenda. Mimi, niliyepigwa fimbo shuleni kwa ajili ya ngeli, nilimwacha aendelee, kwa sababu alivyosema yeye nilielewa upesi zaidi.

Chuo kilipokaribia mwisho, kibali changu nacho kikakaribia mwisho. Tukaenda kwa wakili mmoja mwanamke aliyetoa ushauri wa bure siku za Alhamisi, katika ukumbi wa kanisa, chini ya bango la semina ya wanandoa. Alitusikiliza, akaweka miwani mezani.

"Sheria ya nchi hii haiulizi mwenza wako ni wa jinsia gani," akasema. "Inauliza kama ni mwenza kweli. Mna milango miwili. Mnaweza kutambuliwa kama wenza wa kudumu bila kufunga ndoa, mkiwa na mkataba uliosainiwa mbele ya wakili mthibitishaji na ushahidi kwamba mnaishi pamoja. Au mfunge ndoa, halafu uombe kibali cha mwenza kama mke mwingine yeyote, na uombe kiandikwe ruhusa ya kufanya kazi. Ndoa ikifika miaka mitano, unaweza kuomba ukaazi wa kudumu."

"Na ubaya wake?" mwenzangu akauliza. Yeye kila mzigo hutaka kujua kwanza uzito wake.

"Kibali kinaishi na ndoa. Mkiachana, kinakufa. Na wewe," akanigeukia, "ukivuka kwenda kwenu, cheti hicho hakina kazi. Kwenu ni cha kufungia vitumbua, tena wasikione."

Tulitembea kurudi nyumbani. Kwenye robot, tukisubiri kuvuka, mwenzangu akasema, "Mimi nataka mlango wa pili. Na si kwa ajili ya kibali." Taa ikawa ya kijani, watu wakatupita, ikawa nyekundu tena. Mama mmoja nyuma yetu akasema eish, kama tunaolewa tuolewe pembeni.

Nilihitaji barua ya ubalozi wetu kuthibitisha kwamba sijaolewa kwingine. Nikapiga simu. Karani alikuwa baba mchangamfu mwenye lafudhi ya pwani, aliyefurahi kupata mtu wa kuongea naye.

"Jina la mchumba?"

Nikalitaja. Ni jina la Kizulu ambalo hupewa watoto wa kike na wa kiume, na sikuona haja ya kumchosha kwa maelezo hayo.

"Kazi yake?"

"Anaendesha folklifti bandarini."

"Kijana mchapakazi. Mnaoana lini?"

Hapo nilimshukuru Mungu. Angeniuliza anakuoa lini, ningetapatapa. Kwa Kiswahili mwanaume huoa na mwanamke huolewa, na sisi hatukuwa tumeamua nani abebe kitenzi kipi. Lakini aliuliza mnaoana lini, na kuoana ni kwa wote.

"Mwezi ujao, Mungu akipenda," nikajibu, na barua ikaja.

Ofisi ya kwanza tuliyokwenda kufunga ndoa, afisa alituambia kwa adabu kwamba dhamiri yake haimruhusu kufungisha ndoa ya namna yetu, na kwamba sheria inamruhusu kukataa, akatuandikia anwani ya mwenzake kwenye kikaratasi. Huyo alikuwa mzee wa Kihindi aliyefunga miwani yake kwa kamba, mwenye bakuli la peremende mezani. Alitupa peremende kwanza, ndipo akauliza maswali.

"Sheria inawapa kuchagua jina," akasema. "Mnataka iitwe ndoa au ushirika wa kiraia?"

"Ndoa," mwenzangu akasema upesi. "Hilo lingine kama jina la kampuni ya malori."

Mama mkwe wangu, aliyetoka Cato Manor na kofia ya kanisani, alikuwa shahidi mmoja, na dereva mmoja aliyefanya kazi na mwenzangu alikuwa wa pili. Mama mkwe hakuwa mtu wa hotuba. Siku niliyopelekwa kwake mara ya kwanza aliniwekea sahani ya utumbo wa ng'ombe, akaketi kunitazama. Nilipomaliza na kuomba kuongezewa, alimwambia binti yake kwa Kizulu kwamba huyu abaki. Siku ya ndoa alisaini polepole, herufi moja moja, akatuuliza kama sasa tunaweza kwenda kula.

Kwa maombi ya kibali tulitakiwa kuleta viapo vya watu wanaotufahamu. Nilimwogopa mama wa saluni kuliko afisa yeyote. Miaka yote hiyo alimwita mwenzangu "ndugu yako yule", na mimi sikumsahihisha. Nikamfuata nyuma ya saluni alipokuwa anaosha taulo, nikamwambia yote kwa sentensi moja, macho yangu kwenye ndoo.

Akaendelea kukamua taulo.

"Unafikiri miye ni kipofu?" akasema. "Miaka mbili natumaka kwako sahani ya sombe ya watu wawili. Nilikuwa nafikiri nani anaikula, paka?"

"Na shemasi je?"

"Shemasi nilijaribu tu. Mutu anajaribu." Akatundika taulo kwenye kamba. "Kama iko muzuri ao iko mubaya, ile ni ya Mungu, sitaandika. Nitaandika ile naonaka na macho. Kila siku saa kumi na moja ule mutu anasimama pale inje, mvua ao jua, anakungoja. Bwana yangu, miaka kumi na mbili ya ndoa, hata siku moya hakuningoja."

Na hivyo ndivyo alivyoandika, kwa Kifaransa, mstari wa bwana wake ukiwemo, na tulilazimika kuutafsiri mbele ya kamishna wa viapo aliyejitahidi sana asicheke.

Tukapeleka faili. Mwenzangu alilipanga kama shehena, kila karatasi na lebo yake. Kwenye dirisha la ofisi tuliambiwa kwamba siku za karibuni ndoa za uongo zimekuwa nyingi, kwa hiyo afisa anaweza kuja nyumbani wakati wowote, bila kutoa taarifa. Tukasema karibu. Hatukuwa na cha kuficha.

Wiki tatu baadaye tukawa nacho. Mama alipiga simu.

"Shangazi yako yuko Johannesburg, amefuata viatu vyake vya biashara. Nimemwambia apande basi aje amwone huyo mkwe. Anafika kesho."

Shangazi, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea nilipokuwa mdogo, wakati mama akiugua. Aliuza viatu tangu sijazaliwa. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu miguuni kabla ya usoni.

Mwenzangu alitaka tuseme ukweli. "Iko shangazi, haiko polisi," akaniambia.

Nikamwomba siku tatu tu. Nikamwambia mume atakuwa amesafiri, amepeleka mzigo Zambia, na yeye atakuwa dada wa mume, yaani wifi yangu, anayekaa nami ili nisiwe mpweke. Nilidhani ataumia, na nadhani aliumia. Lakini ana udhaifu mmoja ambao ni wangu pia: akipewa mchezo hawezi kuuacha.

"Huyo kaka yangu," akasema mwishowe, "ana mguu mkubwa ao mdogo?"

Tukaazima buti za kazi kutoka kwa yule dereva aliyekuwa shahidi wetu, mashati mawili ya kiume na mashine ya kunyolea ndevu. Nilizipanga buti mlangoni, nikafunga kamba zake vizuri. Picha yetu ya ndoa nikaificha chini ya godoro. Mwenzangu alikuwa amemaliza kutunga tabia za kaka yake: mchoyo, anakoroma, hapendi maharage.

Shangazi alifika jioni na mabegi mawili. Mwenzangu akampokea mzigo, akapiga magoti kidogo kama nilivyomfundisha, akasema, "Shikamoo shangazi. Safari ilikuwa muzuri? Unachoka sana?"

Shangazi akacheka kwa mara ya kwanza. "Mzulu huyu anaongea kama watu wa Uvira." Kisha akatazama buti za mlangoni. Akavua viatu vyake, akaviweka kando ya hizo buti, akaingia.

Usiku tulimpa kochi la sebuleni, kwa sababu alikataa katakata kulala kitandani kwa mkwe. Mimi na "wifi" tukaingia chumbani. Chakula cha jioni kilikuwa kimeenda vizuri. Mwenzangu alimsema kaka yake vibaya hivi kwamba hata mimi nilianza kumchukia huyo mume.

Siku ya pili ikapita salama. Asubuhi ya siku ya tatu, Shangazi akiwa anakula yale maandazi makubwa ya Kizulu na chai, mwenzangu akiwa na mapumziko siku hiyo, mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, suti ya bluu, viatu vya chini, na chini ya kwapa lake lebo za mwenzangu zilichungulia kutoka kwenye faili.

Alijitambulisha kwa Kizulu, halafu kwa Kiingereza. Alikuwa mpole. Alisema amekuja kuhakikisha kwamba sisi wawili tunaishi kama wanandoa.

"Nani huyu?" Shangazi akauliza.

"Mtu wa maji," nikasema. "Amekuja kusoma mita."

Afisa hakuanza na sisi. Alianza na mlango. Alizitazama buti, akamuuliza mwenzangu ni za nani.

"Zangu," mwenzangu akasema. "Za kazini."

"Zivae."

Akazivaa. Akapiga hatua mbili, mguu ukatoka, buti ikabaki nyuma. Afisa akaandika. Akaenda bafuni, akakuta mashine ya ndevu. Akaenda chumbani, akakuta mashati ya kiume yamening'inia. Niliona ukutani alama nyeupe ya mraba ambapo picha yetu ilikuwa imetundikwa, naye pia aliiona. Kila alipogeuka alimwona mwanaume. Nilichokuwa nimekijenga kwa ajili ya mtu mmoja sasa kilikuwa kinatushtaki kwa mwingine, na kilikuwa kimejengwa vizuri, maana tulifanya kazi nzuri.

"Nitawaambieni ninachokiona," akasema aliporudi sebuleni. "Naona nyumba ya mke na mume, na mwanamke wa tatu aliyekopesha jina lake ili rafiki yake apate kibali. Nimeona hadithi za kila aina, hii ni mpya kidogo. Yule mama ni nani?"

"Shangazi yangu. Hajui Kiingereza."

"Basi mtafsirie. Muulize hivi viatu ni vya nani."

Mdomo wangu una akili zake. Nikamgeukia Shangazi. "Anauliza kama umelala salama."

Shangazi akatafuna, akameza. "Mwambie nimelala salama, ila lile dirisha lenu."

"Anasema," nikamwambia afisa, "ni vya fundi bomba. Alivisahau."

Mwenzangu, buti moja bado mguuni, alifumba macho.

Afisa hakubadilika uso. "Muulize, huyo fundi alivisahau lini, na alitoka humu akitembea peku?"

"Shangazi, anauliza utaondoka lini."

Shangazi aliweka andazi lake kwenye sahani. Akapangusa vidole kimoja kimoja kwa ncha ya khanga. Kisha akamtazama afisa, miguuni kwanza, halafu usoni, akaongea Kiingereza. Hakikuwa cha shuleni. Kilikuwa Kiingereza cha sokoni, kifupi, kisicho na mapambo, lakini hakikuhitaji msaada wangu.

"Huyu mtoto anasema uongo," akasema. "Kwako na kwangu. Mimi niliuza viatu Lusaka miaka saba. Alisahau, alikuwa mdogo."

Nilitamani sakafu ifunguke. Shangazi akainuka, akaenda akamvua mwenzangu ile buti iliyobaki, akaileta mpaka mezani, akaipindua.

"Mwenye kiatu hiki ni mwanaume mzito, anakanyagia upande wa nje. Ona kisigino kilivyoisha. Sakafu hii ni ya mbao, laini. Mtu wa kisigino hiki akiishi humu mwezi mmoja, utaona alama mlangoni, jikoni, kila mahali. Nimetafuta tangu siku niliyofika. Hakuna. Naona alama za miguu miwili tu, ya huyu na ya huyu." Akazigusa kamba. "Na hizi zimefungwa na mtu wa mkono wa kushoto. Mtoto wa kaka yangu ni wa kushoto. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga kamba."

Afisa alikuwa ameacha kuandika. "Kwa hiyo hakuna mwanaume."

"Mwanaume ni wa kwangu mimi. Waliniletea mimi, ili niende nikamwambie mama yake. Wewe hakukuhusu."

"Na hawa wawili?"

Mwenzangu alikuwa amesimama na soksi moja imetoboka, na nilipomwangalia nikaona kwamba hatazami afisa, anamtazama Shangazi.

"Nimelala hapo siku mbili," Shangazi akasema, akionyesha kochi. "Usiku wanagombana. Dirisha. Mmoja anafungua, mmoja anafunga. Wanagombana kwa kunong'ona, ili mgeni asisikie. Marafiki hawagombani hivyo. Rafiki atakwambia kwa sauti, au atahama. Kunong'ona ni kwa mke na mume. Mimi nimeolewa mara mbili, najua."

Afisa aliangalia chini kwenye faili, na niliona mabega yake yakicheza. Alipoinua uso alikuwa ameshajikaza. Akaniomba nieleze mwenyewe, safari hii bila fundi bomba. Nikaeleza. Nikaenda chumbani, nikaleta picha ya ndoa kutoka chini ya godoro, ikiwa imekunjika pembe. Akauliza ni upande gani wa kitanda ninalala, mama mkwe wangu anapika nini Jumapili, mwenzangu ana kovu wapi. Mwenzangu akaitwa peke yake jikoni akaulizwa hayo hayo. Hatukuwa tumefanya mazoezi, kwa hiyo kuhusu kitanda tulipishana: kila mmoja alisema upande wa dirisha ni wake. Afisa akaliandika hilo pia.

Mlangoni alimwambia mwenzangu maneno ya Kizulu ambayo nilitafsiriwa baadaye: kwamba akipata watafsiri wengine kama mimi ataacha kazi. Akanionya kwamba kusema uongo mbele ya afisa ni kosa, kwamba angeweza kulifunga faili pale pale, na kwamba nilikuwa na bahati ya kuwa na ndugu. Nikasema ndiyo, mama. Nilikuwa na bahati, na nililijua hilo vizuri.

Afisa akaondoka. Mwenzangu akasema anakwenda kununua mkate, ingawa mkate ulikuwepo. Nikabaki na Shangazi, na machozi ambayo nilikuwa nimeyashikilia tangu mtu wa maji alipobisha hodi yakatoka yote kwa pamoja.

Hakunibembeleza. "Nyamaza," akasema. "Unalia nini, si umeshinda?"

"Umekasirika."

"Nimekasirika. Mtu aliyekuosha mavi unamwekea viatu vya mtu asiyemjua, unamwambia ndiye mkwewe. Ningekuwa muuza samaki je, ungenidanganya mpaka lini?"

Nikamuuliza anaonaje kuhusu hilo lingine.

"Hilo lingine sijasema kitu," akajibu. "Nimesema ninachojua, sijasema nimefurahi. Kujua ni kwa haraka, kufurahi usiniharakishe." Akavuta sahani yake, akalimalizia lile andazi. "Huyo Mzulu wako ana adabu. Anajua kubeba mzigo. Ila mwambie aache kumsema kaka yake, hata kama hayupo. Si vizuri."

Nikacheka na kulia kwa pamoja, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu utotoni.

Kesho yake tulimsindikiza kituo cha mabasi. Mwenzangu alibeba mabegi yote mawili. Nilimuuliza Shangazi atamwambia nini mama. Alisema atamwambia alichokiona: nyumba safi, sahani hazilali chafu, mtoto amenenepa, hapigwi. "Lile lingine utamwambia mwenyewe," akasema. "Nakupa mpaka mvua za vuli. Zikipita hujasema, nitasema mimi, na mimi sitalipamba."

Nilimwambia mama mwezi wa kumi, siku ambayo mvua ya kwanza ilinyesha kwao, kwa sababu nilijua Shangazi anahesabu. Nilitumia neno mwanamke, mara mbili, ili Kiswahili kisipate pa kujificha. Mama alikata simu. Kwa miezi mingi hakunipigia. Alinitumia ujumbe kila Jumapili, neno moja tu, "Umekula?", nami nikijibu nimekula. Sitadanganya kwamba haikuuma. Kuna Jumapili nilizokaa na simu mkononi tangu asubuhi.

Kibali kilikuja katikati ya ukimya huo, kibandiko kwenye pasipoti, jina la mwenzangu limeandikwa kama ndiye mwenza ninayekaa naye, na ruhusa ya kufanya kazi. Mama wa saluni aliniajiri kwa saa zote, na kanisani kwao akaomba shukrani kwa ajili ya "kijana wangu mumoja aliyepata document", bila kufafanua zaidi. Mwaka uliofuata kanuni za vibali zikabadilika, foleni zikahama ofisi, na watu waliofuata nyuma yetu wakawa na safari ndefu kuliko yetu. Wengine walikuja saluni kuniuliza. Niliwapa namba ya yule wakili wa Alhamisi, na ushauri wangu mmoja: msipange nyumba kwa ajili ya mgeni.

Mama alipiga simu mwaka 2014, jioni ya siku ya kawaida, nikiwa nakaanga samaki. Hakuniuliza habari zangu. Alisema, "Nipe huyo mwenzio." Nikampa simu mwenzangu mikono ikiwa na mafuta. Akatoka nayo kwenye roshani. Kupitia kioo cha mlango nilimwona akisikiliza, akitikisa kichwa, akisema "ndiyo mama", "hapana mama", "iko, mama, iko kila siku", kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Walikaa karibu nusu saa. Samaki mmoja akaungua.

Aliporudi nilimuuliza mama amesema nini.

"Hiyo iko ya mimi na mama," akasema, akachukua sahani, akachagua samaki asiyeungua.